UZI: Ubora wa Final Fantasy upimwe kwa kile mkono ulichofanya kwenye pedi, si kwa hadithi peke yake

#1 – Mleta uzi

Wakuu, mjadala wa mfululizo wa gemu za Final Fantasy ukifunguliwa huwa unaishia palepale. Wa toleo la VI wanakaa upande huu, wa VII upande ule, mmoja anapita anaitupia mawe XIII, basi. Tunabishana nani ana hadithi kali, nani ana muziki, mwovu anayetisha zaidi ni Kefka wa VI au Sephiroth wa VII. Nimeucheza mfululizo huu miaka mingi, na safari hii nimerudia matoleo kadhaa nikiwa na swali moja tu: hadithi inapofika mahali pake pazito, mkono wangu unafanya nini kwenye pedi? Upo kazini, au pedi nimeiweka chini natazama video?

Kwa kipimo hicho, naiweka X (2001) juu ya matoleo yote. Nitaeleza kwa nini. Natahadharisha mapema kwamba nafichua hadithi, hata miisho. Ambaye hajacheza na ana nia ya kucheza, aishie hapa.

Nianzie nyuma kidogo. IV (1991) ndiyo iliyoleta mfumo wa mapambano wa ATB (Active Time Battle) wa Hiroyuki Ito, ule ambao adui hakusubiri umalize kufikiri. Lakini kinachonirudisha kwenye IV ni mlima mmoja. Cecil, mhusika mkuu, ni askari wa upanga wa giza. Ameua watu wasio na hatia kwa amri ya mfalme wake, sasa anapanda Mlima Ordeals akitafuta kuwa mtu mwingine. Kule juu anageuka paladini, askari wa nuru, na papo hapo anasimamishwa mbele ya Cecil wa zamani. Una upanga mpya, kidole kinawasha kushambulia. Kushambulia hakukufikishi popote. Pambano lile unalishinda kwa kuacha kupiga, ukavumilia mapigo mpaka mwisho. Hakuna aliyekuhubiria kuhusu majuto ya Cecil. Uliyatenda mwenyewe kwa kujizuia. Halafu anashuka mlimani akiwa levo ya 1, mtu anayeanza maisha upya kweli. Wahusika wenyewe ni vinukta tu kwenye skrini, na tayari pale Square, kampuni iliyotengeneza gemu hizi, kulikuwa na watu walioelewa gemu inaweza kusema nini ambacho vitabu haviwezi.

Sasa njooni X. Yuna ni mwitaji, mwenye uwezo wa kuita viumbe vya kiroho vinavyoitwa Aeon. Anazunguka dunia ya Spira hekalu kwa hekalu akikusanya Aeon, ili mwishoni autoe uhai wake kumzima Sin, jitu linaloiangamiza dunia hiyo. Wenzake wote wanajua mwisho wa safari hiyo, isipokuwa Tidus, mhusika mkuu, na wewe uliyeshika pedi. Na kila Aeon ni mtu aliyekubali kufa, roho yake ikafungwa ndani ya sanamu hekaluni.

Angalieni tulivyokuwa tunawatumia hao Aeon. Bosi anapokaribia kuachia pigo lake kubwa, aliyeizoea X anajua la kufanya: Yuna anaita Aeon, Aeon anasimama mbele, anakula lile pigo, anakufa, kundi linabaki salama. Tumefanya hivyo mara kumi, mara ishirini, bila kuwaza. Yaani jinsi Spira inavyowatumia waitaji wake, ndivyo nasi tulivyowatumia Aeon wetu kama Valefor na Ifrit. Gemu haikutuambia kitu. Ilituacha tuzoee.

Halafu ule mwisho. Jecht, baba wa Tidus aliyegeuzwa Aeon, ameshaanguka, Yu Yevon, roho iliyo ndani ya Sin, anaanza kuhama, anamwingia Aeon mmoja baada ya mwingine. Na ni wewe unayewaita, mmoja mmoja, uwaue. Wengi wanalalamika kwamba pambano lile ni jepesi mno kwa sababu kundi lako halifi. Jamani, halikuwekwa pale lipime nguvu zako. Ni mazishi. Tena X inakuruhusu kuwapa Aeon majina. Mara ya kwanza kuicheza nilikuwa kijana, Valefor nikampa jina la mdogo wangu kwa sababu ndiye aliyekuwa anakaa pembeni yangu akiangalia. Nilipofika pale mwisho nikaona jina lile kwenye menyu, na njia ya kulipita ni kubonyeza. Nilikaa dakika kadhaa. Sijakutana na kitu kama hicho kwenye toleo lingine.

Karibuni, tena mnipinge kwa mifano.

#2

Mkuu, umeandika kwa moyo, lakini umeiruka VI (1994) kana kwamba haipo. Wahusika unaoweza kuwachezesha ni 14, mwovu anashinda, dunia inavunjika katikati ya hadithi. Kwa hicho kipimo chako cha mkono, kumbuka Celes, mmoja wa mashujaa, anapoamka kisiwani baada ya mwaka mzima wa usingizi. Yuko peke yake na mzee Cid aliye mgonjwa. Unashuka ufukweni kumvulia samaki. Wapo wanaoogelea haraka na wapo wanaojikokota, na hakuna anayekueleza tofauti yao. Ukimlisha wale wanaojikokota, mzee anazidi kudhoofika na anaweza kufa mikononi mwako. Mimi alikufa. Sikujua kama ingewezekana kumponya mpaka miaka mingi baadaye. Celes akaenda kwenye jabali akajirusha.

Na hujataja maadui wa kisiwa kile. Ukiingia vitani nao, uhai wao unavuja wenyewe tu, wanaanguka bila hata kuguswa. Dunia imechoka kiasi kwamba hata wanyama wake hawana nguvu ya kukuua. Hakuna mhusika anayekwambia hivyo. Unaona mwenyewe.

#3

Naongeza kwa #2: Shadow, ninja wa kundi. Kwenye bara linaloelea saa inahesabu kurudi nyuma, kila kitu ndani yako kinasema ruka uokoke, na gemu inakuuliza kama utaruka au utangoja. Usipomngoja mpaka zile sekunde za mwisho kabisa, hutamwona tena. Watu wangapi wamemaliza VI bila kujua kwamba ni wao waliomwacha afe?

#4 – Mleta uzi

#2 na #3 mmenipiga pazuri. Maadui wa kisiwani nilikuwa nimewasahau, na sasa siwezi kuacha kuwawaza.

Ila niwarudishieni swali. Nusu ya pili ya VI ni pana kuliko toleo lolote la zamani: unaweza kwenda kwenye mnara wa Kefka ukiwa na Celes, Edgar na Setzer tu, wengine ukawaacha walipo. Naipenda sana hiyo. Lakini mfumo wa magicite, mawe ya kufundishia uchawi, unamruhusu karibu kila mtu kujifunza uchawi wote. Ukifika saa ya 40, Sabin anarusha Ultima, uchawi mkali kabisa, Edgar anarusha Ultima, Cyan naye. Terra, shujaa wa kwanza wa hadithi, alizaliwa na uchawi katika dunia iliyoupoteza, na hilo ndilo jeraha lake. Mwisho wa safari jeraha lake limekuwa kitu ambacho kila mtu amejifunza baada ya mapambano machache. Hapo mfumo umemnyang'anya alichopewa na hadithi. X haina kosa hilo kwa sehemu kubwa ya safari: Wakka ni wa maadui wanaoruka, Auron ni wa wenye magamba magumu, Lulu ni wa wanaoogopa moto au barafu, na unawabadilisha katikati ya pambano bila gharama. Unawahitaji wote saba, kwa hiyo unawajua wote saba.

#5

Kama kipimo ni mfumo kushikana na hadithi, basi VIII (1999) inastahili kuombwa radhi. Wengi waliichukia kwa sababu ya kuvuta uchawi kutoka kwa maadui, vipande 100 vya kila aina, kazi ya kuchosha kweli, sibishi. Na ukishaufunga uchawi kwenye nguvu zako huutumii tena, kwa sababu kuutumia ni kujipunguza.

Lakini zile GF (Guardian Force, viumbe vya nguvu) unazozifunga ndani yako, zile zinazokupa nguvu zote tangu mwanzo wa gemu, zinakula kumbukumbu. Mnakaa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu pale Trabia, shule imebomolewa kwa makombora, na mwenzenu Irvine anaanza kusimulia utoto wake. Mmoja mmoja wanagundua kwamba wamelelewa kituo kimoja cha yatima na wamesahau. Irvine ndiye anayekumbuka kwa sababu hakuwa ametumia GF kama wao. Na aliyewafunga GF ni nani? Ni mimi, saa ishirini nzima, nikifurahia namba zinavyopanda. Watu husema eti tukio lile ni la kulazimisha. Mimi nilihisi nimekamatwa.

#6

#5 umenifanya nitamani kuirudia, na niliapa sitairudia.

#7

Mimi ni wa IX (2000), na nimesoma uzi huu wote nikisubiri mtu aitaje. Mleta uzi, umesema hujakutana na kitu kama X kwenye toleo lingine. Ngoja nikupe viwili.

Cha kwanza ni askari Steiner na mtoto mchawi Vivi. Steiner ana amri ya upanga wa uchawi: anaupaka upanga wake moto, barafu au radi. Amri hiyo inafanya kazi Vivi akiwa kundini tu, na aina za uchawi ni zile ambazo Vivi ameshajifunza. Mtoe Vivi, Steiner anabaki askari wa kawaida. Huyu Steiner ni mtu mwenye kiburi, anayegombana na kila mtu na kumwita Zidane, mhusika mkuu, kila jina baya, lakini kwa mtoto yule mwenye kofia kubwa anazungumza kwa heshima tangu mwanzo. Ule urafiki haukai kwenye mazungumzo tu. Upo kwenye menyu. Nilikuwa nawaweka pamoja hata pale kundi lilipohitaji mtu mwingine, kwa sababu kuwatenganisha kuliniuma.

Cha pili, Garnet, binti mfalme. Baada ya mji wa Alexandria kuangamizwa anapoteza sauti. Matoleo mengine yangekuonyesha kwenye video mbili, halafu vitani anarudi kuwa mponyaji wako wa siku zote. IX haifanyi hivyo. Ukimpa amri, wakati mwingine hatekelezi. Unaandikiwa kwamba hawezi kutuliza akili yake. Zamu imepotea, mwenzako anakufa pembeni, na huwezi kumkasirikia kwa sababu unajua alichokiona. Hali inaendelea kwa muda mrefu wa kukera, mpaka siku anayokata nywele zake. Umeishi na mtu mwenye msiba mzito, ukapanga mapambano yako kulingana na hali yake.

Nakubali mapambano ya IX ni ya polepole, na Trance, hali ya nguvu za ziada, inajiwasha yenyewe kwa adui wa kipuuzi ikaisha kabla ya bosi. Hayo siyatetei.

#8 – Mleta uzi

#7, hapo sina pa kujificha. La Garnet nilikuwa nalikumbuka kama kero tu. Nilicheza IX nikiwa na haraka, nikamtoa kundini nikamweka mponyaji mwingine, Eiko, nikasonga mbele. Yaani gemu ilinipa mtu aliyevunjika nikambadilisha na mzima. Nitaicheza tena nikimbakiza.

Bado X naiacha juu, kwa sababu inachofanya inakijenga kwa saa zote tangu hekalu la kwanza pale Besaid, wakati kwa Garnet ni sehemu ya safari. Ila pengo limepungua sana.

#9

Naomba nipinge kipimo chenyewe. V (1992) ina hadithi nyepesi, fuwele zinavunjika, mwovu ni mti uliogeuka mchawi, basi. Lakini mfumo wake wa kazi, yaani fani unazowapa wahusika, ndio bora katika mfululizo mzima. Unamfundisha mtu ustadi wa kazi moja, unauhamishia kwenye nyingine, unapata vitu ambavyo hata waliotengeneza sidhani kama walivikusudia. Furaha ile haihitaji kubeba maana yoyote. XII (2006) ni vilevile: ule mfumo wa Gambit, ambapo unaandika masharti, mwenzako akishuka chini ya nusu ya uhai mponye, adui anayeruka mpige kwa mshale, halafu unakaa unatazama kundi likijiendesha kwa akili yako. Hadithi ya XII ina mashimo, mwongozaji wake Yasumi Matsuno aliachia usukani kabla haijakamilika, na Vaan, mhusika mkuu, anapita ndani yake kama mgeni. Lakini kuona Gambit zangu zikimwangusha bosi mkubwa bila mimi kugusa kitu, hiyo ni raha ya fundi. Kwa kipimo chako raha ya fundi haihesabiki.

#10 – Mleta uzi

Inahesabika, mkuu, na nakubali sikuiachia nafasi. Sitaki mtu asome uzi huu akadhani kila kitufe lazima kilie.

Lakini V uliyoiita nyepesi ina Galuf. Mzee anapambana na Exdeath, yule mti, peke yake, wengine wamefungwa na nguvu za fuwele. Uhai wake unafika 0. Kwa saa zote ulizocheza, 0 maana yake ni kuanguka. Haanguki. Unaendelea kumpa amri, naye anaendelea kupiga, namba imeganda kwenye 0. Halafu vita vinaisha na wenzake wanamrushia kila walicho nacho, uchawi wa kuponya, wa kufufua, Phoenix Down, Elixir, vitu vilevile vilivyokuwa vinakusaidia kila siku, na hakuna kinachofanya kazi. Mjukuu wake Krile anachukua nafasi yake, na kila kazi Galuf aliyojifunza inahamia kwake. Ukifungua menyu ya Krile unakuta saa zako zote ulizomfunza babu yake. V ilitumia sheria za mfumo wake wenyewe kukuumiza. Kama si mfumo ule kuwa mzuri kiasi hicho, isingeweza.

#11

VII (1997) mbona inaogopwa hapa? Kifo cha Aerith, mmoja wa mashujaa, mwishoni mwa diski ya kwanza ni video, sawa, mkono haufanyi kitu. Lakini subirini sekunde chache. Kiumbe Jenova anakuja, pambano la bosi linaanza, na muziki wa mabosi haupigwi. Unaendelea ule wimbo wa Aerith wa taratibu. Unachagua kushambulia, unachagua kuponya, kama kawaida yako, na masikio yapo msibani. Kisha unafungua menyu, Materia (mawe ya nguvu) alizokuwa nazo zimerudi mkobani, unazigawa kwa wengine. Ndiyo, mfumo wa Materia unawafanya wahusika wote wafanane, lawama ileile ya magicite. Ila pale ndipo unapopata maana: nguvu zake zote unazo mkononi, na yeye humpati.

Mtunzi wa muziki Uematsu hakuhitaji neno hata moja.

#12

Matoleo mapya mnayaonaje? XIII (2009) inatukanwa kwa sababu ya njia nyembamba, unasukumwa mbele sura kumi kabla ya kufika Gran Pulse, nchi iliyo wazi. Kwa kipimo cha uzi huu inajitetea: hao ni watu wanaowindwa na dunia nzima, hakuna mwindwa anayezurura sokoni. Tatizo langu nayo ni jingine, kwamba kiongozi akianguka gemu inakwisha hata kama wenzake wawili wapo wazima na wana uwezo wa kumwinua.

#13 – Mleta uzi

Hoja ya mwindwa naikubali, ingawa saa 20 za ukorido ni nyingi hata kwa mwindwa.

Toleo lililoniacha na kinyongo ni XVI (2023). Mapigano yake ni matamu, waliomweka Ryota Suzuki aliyetoka kwenye Devil May Cry walijua wanachofanya. Lakini hadithi nzima inasema uchawi unawageuza watu mawe. Wabebaji, yaani watu wenye uchawi, wanatumikishwa mpaka mwili unaganda, Cid wa gemu hii anakuonyesha mkono wake ulivyokwisha kuwa jiwe. Halafu mimi nikiwa mhusika mkuu Clive narusha moto kutwa nzima, bure, bila kulipa chochote. Laiti kila uchawi ungegharimu kitu, hata kidogo tu, kila pambano lingekuwa hoja. Walikuwa nayo mkononi, wakaiachia ibaki kwenye mazungumzo. Ndiyo maana sizungumzii grafiki. Super Famicom ya IV na vinukta vyake iliweza.

#14

Kuhusu XIV ya mtandaoni nina moja tu. Ile ya 2010 ilifeli, wakaamua kuifunga kabisa mwezi wa 11 mwaka 2012, na namna walivyoifunga ni kuushusha mwezi Dalamud kutoka angani, joka Bahamut akatoka ndani akaichoma dunia ile huku wachezaji wakiwa humo. A Realm Reborn ya Naoki Yoshida ikaja 2013 na kuhesabu maafa yale kama historia yake. Seva zilizimwa, na kuzimwa huko ndiko kukawa hadithi.

#15

Nimefurahi hakuna aliyeitaja XV (2016) kwa ubaya, kwa hiyo niitaje kwa wema. Ilikaa jikoni miaka kumi tangu ilipotangazwa 2006 kwa jina jingine, na mishono inaonekana, hadithi ina matundu ya kupitisha gari lao lile. Lakini Prompto, mmoja wa marafiki wanne wa safari, anapiga picha. Kila mnapolala, pale kambini Ignis amemaliza kupika, unaletewa picha za siku hiyo uchague za kubaki nazo. Nyingi ni mbovu, kichwa cha Gladiolus kimebaki nje ya picha, Noctis kafumba macho. Unachagua haraka ulale uendelee. Baadaye Ignis anapofuka, na mnaingia mgodini akiwa na fimbo, inabidi mwendo wako uwe wake. Ukikimbia unagombezwa na Gladiolus. Nilikimbia, nikagombezwa, nikaona aibu ya kweli.

Na mwisho kabisa, kabla ya Noctis, mhusika mkuu, kupanda kwenda kufa, anamwomba Prompto picha moja ya kuondoka nayo. Zinafunguka zote ulizozihifadhi kwa saa 50, na unatakiwa kuchagua moja. Hakuna jibu sahihi, hakuna zawadi.

#16 – Mleta uzi

#15, nilikuwa nimeisahau kabisa, na ndiyo hasa niliyokuwa naitafuta nilipofungua uzi huu. Mimi niliwapita wote wanne mbele ya ziwa, picha nzuri tu ya kuwekwa ukutani, nikachagua moja mbaya: ukungu mtupu, Ignis amegeuka, kidole cha Prompto kimeziba kona. Ilipigwa siku ya kwanza kabisa wakisukuma gari bovu.

Nyie mlichukua ipi?